Pini Kwenye Namba Nane

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Barua yako imefika, na ripoti ya daktari ndani yake. Nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kufundisha, nikarudi nikaikunjua tena kana kwamba maneno yangekuwa yamebadilika. Uvimbe tumboni, mkubwa, na mama ana miaka sabini na tisa. Njia ni mbili tu. Apasuliwe, na huenda akapata miaka mitatu au minne mingine, au asitoke salama. Au abaki nyumbani na dawa za maumivu, ile miezi iliyobaki aimalizie kitandani kwake, karibu na cherehani chake.

Najua unasubiri nikupigie simu nikuambie la kufanya. Sitapiga, na naomba usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Mwaka wa thelathini na moja huu nachunguza jinsi watu wanavyoamua mambo yao, na kama kuna kitu nina hakika nacho ni hiki: anayesema kwanza huwameza wengine. Nimekaa kwenye kamati za kuchagua wanafunzi. Mkubwa akikohoa tu kwamba huyu anamwona dhaifu, waliokuja na alama themanini kichwani wanazifuta kimya kimya wanaandika hamsini. Halafu tunatoka nje tunapeana mikono, eti tumekubaliana. Hatukukubaliana, tulifuatana.

Kwa hiyo tutafanya kama ninavyowafanyisha mahakimu na madaktari. Tuko watatu: mama, wewe na mimi. Kila mmoja, peke yake, aandike namba moja kuanzia sifuri hadi kumi. Sifuri ni asipasuliwe kabisa. Kumi ni apasuliwe hata kesho. Mama asione yako, wala wewe usimuulize yake, wala msikae mkaanza kujadili. Zitieni kwenye bahasha mbili, zifungeni kwa gundi, mnitumie. Mimi nitaandika yangu kabla sijazifungua zenu. Wastani ukizidi tano, anapasuliwa.

Unakumbuka mama alivyokuwa akitupanga pale dukani mteja akiingia, kila mmoja amnong'oneze sikioni kiuno cha mteja ni inchi ngapi kabla hajapima? Ukimsikiliza mwenzio unapigwa kofi la kisogo. Akili ni nywele, alikuwa anasema, kila mtu ana zake. Na mara nyingi ukizichanganya namba zetu na yake, ulikuwa unakaribia tepu kuliko namba ya mtu yeyote peke yake. Kazi yangu yote niliianzia pale, chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Na hii siyo kura, ni jinsi ninavyojisikia tu: leo mimi ni nne kati ya kumi. Wewe je?

Kaka yako,
Kwanini


Tarehe 13 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nilikasirika kabla sijamaliza kusoma, kama ulivyotabiri, kwa hiyo jipongeze. Mtu mama yake mzazi anaumwa, yeye anatuma masharti kama ya mganga.

Nilimsomea mama barua yako yote, maana hakubali nimpunguzie. Alicheka mpaka akashika ule upande unaouma. Akasema, "Huyu nilimwita Kwanini bure. Nilitakiwa nimwite Ngapi." Halafu akataka nimsomee tena pale ulipoandika habari za kofi la kisogo, akakanusha, eti hakuwahi kupiga mtu kisogoni, ni wewe uliyekuwa na kisogo kikubwa kila mkono ulikuwa unakikuta.

Bado anakata sare za shule. Mikono haimtetemeki hata kidogo, ni kusimama tu ndiko kunakomshinda, kwa hiyo nimempandisha juu ya meza anakatia akiwa amekaa kama mtoto. Usiku analalia upande mmoja tu. Dawa alizopewa zinamtosha mpaka kwenye saa kumi za jioni, baada ya hapo anakuwa mkali kwangu na kwa wateja, halafu anaomba radhi kwangu tu.

Namba zetu hizi hapa, bahasha mbili, gundi mpaka imevuja. Mama kalamu hazipendi, unamjua. Alichukua tepu yake akachomeka pini kwenye namba anayoitaka, akanipa nimwandikie. Mimi nikaandika nilichokiona, sikusema neno. Masharti yako nimeyafuata yote kama dozi.

Anauliza unakuja lini. Nikamwambia mitihani ikiisha. Akasema mitihani gani hiyo haiishi tangu uko darasa la kwanza.

Unaniuliza mimi ni ngapi. Mimi ni mita kumi za kaki na vifungo hamsini vinavyonisubiri. Namba sina.

Kitinda


Tarehe 22 Februari

Mdogo wangu,

Bahasha zote mbili zimefika. Nilifunga mlango wa ofisi, nikaandika namba yangu kwanza kama tulivyokubaliana, ndipo nikachukua mkasi.

Mama, nane. Wewe, nane. Mimi, saba.

Nikwambie ukweli, nilisimama nikauzunguka ule mzunguko wangu mdogo kati ya kabati na dirisha, machozi yananitoka. Nimeona maelfu ya hukumu za watu, na chache sana zimewahi kukaa karibu hivi bila watu kusemezana. Mashahidi watatu, hakuna aliyemsikia mwenzake, na wote wameelekea upande mmoja. Nilikuwa na hofu kwamba mama amechoka. Kumbe anataka kuishi, na amelisema kwa pini. Penye wengi hapaharibiki neno.

Basi mwambie daktari apange siku. Na nina ombi moja, usinicheke. Nunua daftari dogo. Weka simu yako ilie mara tatu kwa siku, saa zisizo na mpango. Ikilia, muulize mama muda uleule: sasa hivi, sifuri hadi kumi, unajisikiaje? Andika, usimbishie. Mtu ukimuuliza baadaye atakupa hadithi. Ukimuuliza palepale atakupa maisha yenyewe. Namba hizo zitatusaidia kujua dawa ipi inamfaa.

Kuja kwangu kutachelewa kidogo. Tarehe ishirini Machi nina mhadhara mbele ya madaktari wa nchi nzima, na nikiukwepa hawataniita tena. Baada ya hapo nakuja.

Leo mimi ni sita. Ilikuwa nne ile siku ya kwanza, umeona?

Kaka yako,
Kwanini


Tarehe 15 Machi

Kaka,

Nakuandikia nikiwa wodini, daftari lako nimelifanya ndiyo meza. Leo ni siku ya kumi tangu apasuliwe. Uvimbe wametoa wote, daktari alinionyesha kwa ngumi mbili jinsi ulivyokuwa. Lakini kidonda kimekataa kufunga. Kila siku saa tatu asubuhi wanakuja wauguzi wawili na toroli, wanavuta pazia, wanafungua bandeji, wanasafisha ndani. Ndani, Kaka. Mimi nabaki upande wa kichwani. Mama amejizungushia tepu kwenye vidole, anaivuta mpaka kucha zinakuwa nyeupe, na hapigi kelele. Mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye anayelia kwa niaba yake.

Namba zako hizi. Jumatatu mbili, moja, mbili. Jumanne moja, moja, mara ya tatu alikuwa amelala sikumwamsha, unisamehe. Jumatano simu ilipolia ndiyo kwanza wanafunga pazia. Nikamuuliza kwa sababu nilikuahidi. Akasema, "Mwambie Kwanini tepu haina namba chini ya sifuri." Hiyo sikujua niiandike vipi, nikaiandika kwa maneno.

Wauguzi ni watu wazuri, sina la kuwalaumu. Daktari anasema ni umri, nyama za mzee zinashika polepole. Labda wiki nne. Labda sita.

Jana alinitazama muda mrefu, akauliza, "Hivi kaka yako aliandika ngapi hasa?" Nikamwambia saba. Akaikunja tepu vizuri ikawa duara, akaiweka chini ya mto. Kisha akasema, "Saba. Basi mimi nilimzidi."

Mhadhara wako ukiisha njoo. Simu akiongea na wewe anajikaza kisabuni, ukikata anakaa saa nzima hana nguvu ya kunywa hata maji. Usisikilize ile sauti ya kwenye simu.

Kitinda


Tarehe 27 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imeniuma, na nimecheka pia pale kwenye "nilimzidi". Kumbe bado anashindana na mimi.

Nikupe kitu cha kukushika mkono. Katika kazi yangu nimeona jambo la ajabu. Mtu akishapona, kumbukumbu yake ya maumivu haihesabu siku. Inabeba vitu viwili: pale palipouma kuliko pote, na mwisho ulivyokuwa. Urefu hauisumbui. Nimewauliza mamia ya watu waliotoka hospitali, na aliyelazwa siku tano na aliyelazwa arobaini wanasimulia sawasawa kama mwisho ulikuwa mwepesi. Kwa hiyo waombe wauguzi hizi bandeji za mwisho mwisho zifunguliwe taratibu, hata ikichukua muda zaidi. Akitoka hapo atakumbuka ule wepesi. Zingine zitafutika, niamini.

Mhadhara ulipita salama. Sijui nikuelezeje. Madaktari mia tatu, na mimi nikaacha karatasi zangu nikawasimulia habari za mama mshona nguo mwenye miaka sabini na tisa, jina sikulitaja, aliyeyapima maisha yake kwa tepu na pini. Nikawasomea namba: nane, nane, saba. Ukumbi ulisimama. Mmoja wao anatoka hospitali yenu hiyohiyo, alinifuata mpaka nje ananiuliza fomu ya kukusanyia namba hizo inaandikwaje. Mwambie mama amewafundisha madaktari.

Tiketi nimekata, tarehe kumi na mbili Aprili.

Leo mimi ni nane. Nimeona haya kuiandika, lakini ndiyo ya kweli.

Kaka yako,
Kwanini


Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Koti langu nimelisahau nyuma ya mlango wa chumba cha mama, usihangaike kulituma.

Bado naiona ile siku niliyoshuka. Tiketi ya tarehe kumi na mbili niliibadilisha ikawa ya tisa, na mama hakusubiri hata hiyo, alikwenda tarehe nane. Nimeingia uani nakuta viti vya kuazima, watu wananyamaza wakiniona na begi, na wewe unatoka jikoni umevaa aproni yake. Ulinipa chai. Ulinipa taulo. Ulinionyesha kitanda. Siku tatu, sentensi ulizoniambia hazifiki ishirini. Nilizihesabu, najua hutashangaa.

Nadhani najua unachokibeba. Unajiuliza kama tulikosea. Kitinda, nisikilize kama mtu wa kazi hii na siyo kama kaka. Uamuzi mzuri unaweza kuzaa matokeo mabaya. Hilo ndilo somo gumu kuliko yote ninayofundisha. Tulimuuliza kila mtu, kila mtu alijibu akiwa huru, na jibu lilikuwa moja. Tungeishia pabaya zaidi kama mmoja wetu angeamua peke yake. Usijilaumu hata kidogo.

Naandika kitabu. Sura ya kwanza nataka iwe ya mama na bahasha zetu. Lile daftari la namba ulilolijaza hospitali lingenisaidia sana. Nitumie ukiweza.

Leo ni mbili.

Kwanini


Tarehe 6 Mei

Kaka,

Uliandika kwamba urefu hauisumbui kumbukumbu. Siku thelathini na nne. Nazijua zote, moja moja, na kila moja ina saa yake tatu asubuhi.

Uliandika kwamba atakumbuka mwisho. Nani atakumbuka? Hao mamia uliowauliza walitoka hospitali kwa miguu yao. Mama hakutoka. Kwenye vitabu vyako yuko wapi yule ambaye hakubaki wa kuulizwa? Wa kukumbuka ni mimi. Na mwisho niliokaa nao mimi haukuwa mwepesi, na walifungua bandeji taratibu kama ulivyosema, ikachukua muda zaidi, na aliniangalia muda wote huo.

Daftari sitoi.

Kitinda


Tarehe 3 Julai

Mdogo wangu,

Hii ni ya tatu bila jibu. Simu hupokei. Jirani yako fundi viatu ameniambia uko mzima na unashona, nimeshukuru.

Sikusumbui habari za daftari. Nilitaka tu ujue kwamba kile alichokifanya mama hakikupotea. Hospitali nne sasa zinatumia fomu, ya kwenu ikiwa ya kwanza. Wameiita Njia ya Bahasha. Wanasema familia zilizokuwa zinagombana kwenye korido siku hizi zinakaa kimya zinaandika. Sura ya kwanza nimeimaliza. Kila nikifika pale kwenye pini nasimama, siwezi kuisoma kwa sauti.

Siku hizi naamka nimechoka. Nina wanafunzi wanaoandika juu ya furaha ya watu, wananiletea michoro, na mimi naitazama nikijiuliza hawa wanaozungumziwa wanaishi wapi. Mwandikie kaka yako hata matusi.

Leo ni tatu.

Kwanini


Tarehe 11 Agosti

Kaka,

Matusi sina. Nina kitu kingine, na nimekaa nacho miezi sita kimeniozea tumboni kama ule uvimbe.

Jana nilipeleka aproni za wauguzi hospitali, wananipa kazi siku hizi. Pale kwenye benchi la korido alikuwa amekaa baba mmoja mtu mzima, suruali ameifunga kwa kamba kwa jinsi alivyokonda, na binti yake. Binti ana fomu yako ya njano mkononi na bahasha. Anamsomea baba yake: sifuri hadi kumi, usijadiliane na mtu. Yule baba akaikamata kalamu, akaiweka chini, akamuuliza, "Mdogo wako ataandika ngapi?" Binti akafikiri, akasema labda tisa. Baba akaandika tisa. Akalamba bahasha akaifunga. Niliziacha aproni kwenye kiti nikatoka, sikudai hata risiti.

Kwa sababu ndivyo tulivyofanya sisi, Kaka. Ndivyo hasa.

Siku ile mama alikuwa amekaa juu ya meza. Nilipomaliza kusoma barua yako alichukua tepu, akatoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye moja. Moja. Niliiona kwa macho yangu, na wala hakusitasita. Halafu akaniangalia, akauliza, "Kwanini ataandika ngapi?" Masharti yalisema nisijadili. Lakini mama yako akikuuliza kitu unamjibu. Nikasema nane.

Unajua nane niliitoa wapi? Kwenye barua yako. Ulipotaja kupasuliwa ulianza na ile miaka mitatu minne, ndipo ukasema huenda asitoke. Nikajiambia, huyu ametanguliza anachokitaka. Mtu msomi hapangi maneno ovyo.

Mama akaigusa ile pini kwa kidole. Akasema, "Kama yeye aliyesomea anaona nane, mimi ni nani nimvunje moyo mwanangu?" Akaing'oa pini, akaihamisha kwenye nane.

Na mimi nikaandika nane kwenye yangu. Kwa sababu ni mimi niliyekuwa namwosha, namgeuza, naamka naye. Namba ndogo ikitoka kwangu ungesemaje? Ungesema Kitinda amechoka. Nilikuogopa. Kwa hiyo mashahidi wako watatu walikuwa ni wewe peke yako, umekaa viti vitatu. Uliandika unachokitaka kwa moyo wako, na sisi tukakufuata. Ukanipongeza. Kila ulipoandika "huru" nilikuwa naiweka barua chini naenda kunawa uso.

Alipouliza kule wodini uliandika ngapi, alikuwa anatafuta kama kuteseka kwake angalau kulikuwa na sababu. Nami nikamjibu saba, hata ile nane niliyomtajia hukuifikia. Basi nilimzidi, akasema. Sasa unajua alikuwa anasema nini.

Sura yako ya kwanza ifute. Namba yangu ya kweli sitakuambia.

Kitinda


Tarehe 24 Agosti

Kitinda,

Siku kumi nimeanza barua hii nikiichana. Nitaiandika fupi, la sivyo nitaanza kufundisha.

Nilikuwa nimeandika mbili.

Asubuhi ile bahasha zilipofika niliandika mbili kwenye kadi, kwa wino, nikaiweka kwenye droo. Sikutaka apasuliwe. Nilitaka akae juu ya ile meza mpaka siku yake, akate sare, awe mkali kuanzia saa kumi. Nilikuwa nishajua na maneno nitakayowaandikia, kwamba miezi mizuri kitandani kwake ni bora kuliko miaka ya kubahatisha. Halafu nikachukua mkasi nikafungua zenu. Nane. Nane.

Nikafikiri, wao ndio wanaomwona. Mama mwenyewe anataka kuishi, na Kitinda yuko tayari kumwuguza. Mimi ni nani, mtoto asiyefika nyumbani mwaka wa tatu, nije niseme aachwe afe? Mngesema nimeona tabu ya safari. Nikaitoa ile kadi nikaichana. Nikachukua nyingine nikaandika nane. Nikaitazama, nikaona nane tatu zitaonekana za kuigiza. Nikaandika saba.

Ndivyo saba yangu ilivyozaliwa. Nimeisomea watu mia tatu wakasimama.

Miaka thelathini na moja nawaambia watu wasichungulie. Nilifunga mlango, hakuna aliyekuwa ananiona, nikachungulia na kufuata. Na niliwafuata ninyi mkiwa mnanifuata mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kwenda huko.

Kitabu nimekiondoa kwa mchapishaji. Nimeziandikia hospitali zote nne kwamba njia hii ina kasoro, na kasoro yenyewe nimeieleza, na nimesema ilitokea kwangu. Ya kwenu imeshajibu. Wamenishukuru kwa unyenyekevu wangu, wakasema hawaoni haja ya kuacha, kwa sababu tangu waanze kutumia fomu familia hazigombani tena.

Nimejaribu kuandika namba ya leo, nimeshindwa. Naomba kitu kimoja tu, na baada ya hapo sitaomba kingine. Yako ilikuwa ngapi?

Kaka yako


Tarehe 2 Septemba

Kaka,

Mbili. Ileile yako.

Niliposoma barua yako nilikuwa na mteja, mama mmoja na mtoto wake wa darasa la kwanza, nikawaambia warudi kesho. Nikakaa juu ya meza, pale alipokuwa anakaa yeye. Moja, mbili, mbili. Huhitaji kwenda shule kuzijumlisha hizo. Ungepiga simu ukaniuliza, "Kitinda, unaonaje?" ningebabaika kidogo, ningelia, halafu ningekuambia. Na wewe ungeniambia. Tungegombana na mama kwa sababu angesema tunamzika mapema, halafu angecheka, halafu angerudi kwenye sare zake. Nimeirudia kichwani mara nyingi, kila mara anafika mpaka Juni. Siku moja alifika Agosti.

Sikulaumu peke yako, nikikulaumu peke yako nitakuwa nadanganya tena. Nilidanganya nikijua. Wewe ulidanganya ukijua. Mama alidanganya kwa kutupenda, na yeye ndiye aliyepasuliwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya tuliyamwaga watu watatu, kila mmoja akidhani ndoo ameishika mwenzake.

Uliomba daftari. Nimelichoma kwenye jiko la pasi. Tepu ninayo lakini siitumi, naifanyia kazi. Matundu yote mawili yapo, la moja na la nane. Nikimpima mtoto shingo, kidole gumba kinakaa palepale penye tundu la moja. Kila mtoto. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, nina watoto mia na themanini.

Koti lako bado liko nyuma ya mlango. Nililitoa vumbi Jumapili, mfukoni kuna kalamu na peremende.

Na hizo namba za mwisho wa barua ziache sasa. Ukitaka kujua niko vipi, niulize hali kama wanavyoulizana watu. Nitakujibu nzuri, kama watu wote.

Mdogo wako,
Kitinda